Saba ya Nyumba ya Mizani

Watu wa njiapanda walimwita Mama Funguo kwa sababu funguo za nyumba zote za kale zilining'inia kiunoni mwake: za nyumba ya wageni, za karakana ya mhunzi, na za nyumba ya mizani, iliyo kubwa kuliko zote. Akitembea, analia kama ng'ombe mwenye kengele.

Kijiji chenyewe ni kidogo, ukipiga chafya upande huu unaombewa afya upande ule. Barabara mbili zilikutana hapo tangu enzi za mikokoteni, moja ikileta chumvi, nyingine ngozi, na kila mzigo ulipimwa kabla ya kuendelea na safari. Wachukuzi wakahitaji pa kulala, magurudumu yakahitaji mhunzi, kijiji kikanona. Kisha barabara ya lami ikapitishwa kwingine, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na biashara ikaifuata. Waliobaki hawakuwa na uwezo wa kubomoa wala wa kujenga upya.

"Ufukara ndio uliotulindia nyumba hizi," Mama Funguo aliwaambia wageni, nao walicheka wakidhani ni mzaha.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakupata kuwaambia.

Mwaka 1985, yeye bado mke kijana, halmashauri ilitaka kuivunja nyumba ya mizani ijenge ghala. Sheria ya wakati ule ililiokoa tu jengo lililotimiza miaka mia. Juu ya mlango palikuwa na mwaka uliochorwa kwenye lipu, ila mvua ilikuwa imeula. Ulisomeka moja, nane, pengo, moja. Wazee wakaulizwa. Mmoja akasema sabini na moja, mwingine akaapa ni tisini na moja, wakanuniana wiki nzima. Sabini ingeiponya nyumba, tisini ingeizika.

Mumewe alikuwa fundi wa chokaa. Alfajiri ya siku ya ukaguzi alipanda ngazi, akaijaza saba kwenye lile pengo, akaipaka vumbi ionekane kuukuu. Aliyeshika ngazi ni mkewe.

"Wakigundua je?" aliuliza kutoka chini.

"Nitafungwa mimi. Nyumba haitafungwa. Shika vizuri, mama, nisije nikavunjika kabla ya kukamatwa."

Hakukamatwa. Nyumba ikaandikishwa, na baada ya miaka mingi fundi akafariki, saba yake ikabaki na mjane. Kila mgeni alipoinua simu kuupiga picha ule mwaka, Mama Funguo aligeuka akajifanya anatafuta ufunguo.

Ndipo ikaja barua. Majengo yote ya kale yatakaguliwa upya, na taarifa ya uongo inaweza kuliondolea jengo ulinzi. Aliisoma mara nne. Siku tatu chakula hakikupita kooni, hadi wifi yake, aliyeshona nguo kwenye baraza ya nyumba ya wageni, akasimamisha cherehani.

"Wifi, umekonda kama uzi. Kuna nini?"

Mama Funguo akamweleza yote. Wifi akasikiliza, pini zikiwa mdomoni, kisha akazitema kiganjani.

"Kumbe! Kaka yangu aliniambia ile ngazi aliiazima kutundika antena."

"Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, watagundua. Nikisema, nitamchafua marehemu, na nyumba itavunjwa mikononi mwangu."

"Kaka hakuiba. Sema tu, wifi. Siri ya miaka yote hiyo si siri tena, ni jipu."

Mkaguzi aliyekuja alikuwa binti mwenye tochi na daftari, mtu wa kuuliza kwa upole na kuandika kila kitu. Kabla hajafungua tepu ya kupimia, Mama Funguo alisimama mbele ya mlango.

"Mwanangu, usipime kwanza. Ile saba ni ya mume wangu. Aliichora yeye, na mimi ndiye niliyeshika ngazi. Nyumba haina kosa."

Binti aliinua macho akaitazama saba, akamtazama yeye. Aliomba ngazi, akaingia darini na tochi yake. Mama Funguo alibaki chini akisikiliza mbao zikilia.

"Mama!" sauti ikatoka juu. "Seremala amechonga mwaka kwenye boriti. Ni tisini na moja."

Mama Funguo akakaa kwenye kizingiti. "Basi imekwisha."

"Imekwisha nini?" Binti alishuka, nywele zimejaa utando wa buibui. "Hebu hesabu. Tangu 1891 mpaka leo ni miaka mingapi?"

Mama Funguo akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena. Mia ilikuwa imeshapita zamani. Ilipita siku moja ya kawaida, labda yeye akiwa anafagia, wala hakuna aliyemwambia.

"Yaani..."

"Yaani nyumba imetimiza mia yenyewe. Nitaandika mwaka sahihi, na nitaandika saba ilivyofika pale. Bila mumeo ningekuja kukagua ghala. Hiyo saba tusiifute, tutaweka kibao cha maelezo pembeni."

"Na jina lake halitachafuka?"

"Nitaandika fundi wa chokaa aliyeokoa jengo. Hilo nalo ni kweli, au sivyo?"

Mama Funguo alitaka kujibu, badala yake akacheka, kicheko kikageuka machozi, machozi yakarudi kuwa kicheko. Wifi akatoka mbio barazani na mkasi mkononi akidhani kuna msiba. Alipoelezwa, akampiga wifi yake begani.

"Miaka yote hiyo unaogopa, na hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu!"

Mchana ule Mama Funguo alikula sahani mbili. Kisha akajilaza kwenye benchi ndefu ndani ya nyumba ya mizani, milango yote wazi, akalala fofofo. Walipofika wageni wawili wakiuliza nani wa kuwatembeza, wifi aliweka kidole mdomoni.

"Ingieni tu," akanong'ona. "Ila msimwamshe mwenye nyumba."