Picha Nzuri ya Papa Botike, Isiyo na Sauti Yake

Ipo siku moja nikiikumbuka, mwanangu, hamu ya kula inaniisha. Ni siku niliyovuka mto kwenda Lubunga kumpiga picha Papa Botike. Nilikuwa kijana, kamera yangu ya kwanza ya kidijitali ilikuwa mpya, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Papa Botike alikuwa mzee wa upande wa Yanonge, mpigaji wa lokole, ile ngoma ya gogo lililochimbwa ndani ambayo watu wa mtoni huitumia kupashana habari. Kwao kila mtu ana jina lake la ngoma, refu, lenye baba na babu ndani yake, na akifa huitwa kwa jina hilo. Binti yake Albertine, muuza samaki wa kukaushwa, ndiye aliyeniita, maana mzee alikuwa ameanza kudhoofika.

Mzee aliketi mbele ya ngoma, akapiga jina lake polepole, kisha akalirudia. Mimi nazunguka tu, napiga picha. Akashusha vijiti, akaniuliza:

"Mutoto, mashini yako inashikaka na sauti?"

"Papa, vidéo iko kazi ya bengine. Mi niko photographe."

"Bon. Lakini mutu wa lokole bila sauti, watamujua namna gani?"

Nikacheka. Kamera ilikuwa na kitufe cha video, mwanangu, na nilijua kilipo. Lakini siku zile sisi wa picha tuliwadharau wa video, wale waliozunguka arusini na mataa makubwa na kuondoka mwisho, sahani ya fufu mkononi. Niliona aibu kufanana nao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi nilivunja guu la mwenzangu.

Papa Botike alikufa kabla ya mvua za mwaka ule kuisha. Ndugu wakamleta mpigaji kutoka Yanonge aje kumwita kwenye matanga. Alikuwa mtu mzima wa makamo, hakumfahamu marehemu, akauliza jina lake la ngoma. Wazee waliolijua walishatangulia. Albertine alikumbuka mwanzo wake tu, akaja kwangu mbio.

"Yaya," akaniita, kama mtu anavyomwita ndugu yake mkubwa, "siku ile papa alipiga jina yake. Uko nayo?"

Nikampa nilichokuwa nacho. Picha ilikuwa nzuri kweli, vijiti vimeinuliwa, mishipa ya mikono inaonekana. Mpigaji aliitazama, akairudisha. Kisha akapiga tangazo la msiba linalomfaa mtu yeyote. Papa Botike, aliyewaita wafu wa watu wengi, akazikwa bila kuitwa.

Albertine hakunigombeza. Alisema, "Picha iko muzuri, yaya," akaikumbatia, akalia. Afadhali angenitukana. Mpaka leo nikipita sokoni ananisalimia vizuri, na salamu ile inaniuma. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu sasa ameota ndevu.

Basi wewe unayeishi kwa kupiga picha, usiniambie video fupi ni mchezo wa vijana wa kucheza dansi kwenye simu. Sikuambii uache mbachao kwa msala upitao. Picha ina heshima yake, nayo ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto. Nasema ukishaipiga, usifunge kamera. Omba ruhusa, bonyeza video, tuliza mkono, na zaidi ya yote nyamaza. Mwache mtu aseme jina lake, acheke, amkanye mjukuu wake, aimbe wimbo wa kanisani hata kama anaukosea. Hata ikiwa fupi, inatosha. Jicho lililojifunza mwanga kwa miaka halipotei kwa sababu mtu amesogea mbele yako. Wateja nao watapenda, watakuita tena, hilo silifichi. Lakini kuna nyumba utaingia ambako hakuna mwingine atakayekuja na kamera, na hapo ukiwa na kiburi kama changu, utakuwa umewanyima kitu wasichoweza kukipata tena kwa yeyote.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mtulivu na moyo usioona aibu kujifunza. Na mtu atakapokugongea mlango akilia, akiulizia sauti ya mzazi wake, akukute unayo.