Jogoo Juu ya Baiskeli ya Kukunja

Nakumbuka asubuhi moja pale Mbalizi, ukungu umeshuka hadi kwenye milango ya maduka, mimi nimeinama nafunga mzigo kwenye baiskeli yangu, na watu wamenizunguka wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mjukuu wangu, usione leo natembea na mkongojo. Siku ile nilikuwa kijana, na nilikuwa nakwenda Iringa kutafuta mke.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nimekuona unaipakia baiskeli yako mpya, na nimekusikia ukijisifu kwamba utafika Iringa bila kumsumbua mtu yeyote. Nikacheka moyoni. Hata mimi nilijisifu hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Waliokuwa wananicheka siwalaumu. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kukunja, vigurudumu vidogo kama vya kigari cha mtoto, kiti kimechomoza juu peke yake, na katikati ya fremu kuna bawaba. Unalegeza kishikio, inajikunja vipande viwili, unaibeba unaingia nayo ndani. Nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya kazi za barabara mjini Mbeya, na Mzungu mmoja wa pale aliniachia alipokuwa anarudi kwao. Kupelekea barua mjini iliniridhisha kabisa. Lakini Iringa!

"We Ambakisye," akaniambia muuza chai mmoja, "hiyo ukifika Uyole tu italia inamtaka mama yake."

Basi wakaangua kicheko upya, nami nikaondoka na masikio yamewaka moto.

Sasa sikia kilichonipeleka. Kulikuwa na msichana anaitwa Faustina, alikuwa akisomea uuguzi Mbeya. Tulipendana, wee acha tu. Akamaliza masomo akarudi kwao Iringa. Nilipopeleka salamu kwamba nataka kuposa, baba yake, Mhehe wa kweli kweli, alinijibu kwa mdomo wa kondakta wa basi: nije Jumapili ya Pasaka na watu wangu. Nisipokuja, kuna wengine wameshapiga hodi.

Watu wangu! Ningewatoa wapi? Mama alifariki sijaota hata meno. Baba alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, hakurudi. Mama mdogo aliyenilea naye nilikuwa nimeshamzika. Sikuwa na mjomba wa kumtuma mbele wala shangazi wa kunipigia vigelegele, na kuwakodi wazee wa kusingizia niliona aibu.

Nikawaza kwa akili zangu za wakati ule. Kama sina watu, ninayo miguu. Nikiingia uani kwa mzee yule nimeendesha kutoka Mbeya hadi Iringa kwa vigurudumu vile, ataniuliza watu wa nini tena? Ataona mwenyewe kwamba huyu ni mwanamume. Nikafunga shuka, shati jeupe la siku yenyewe, pampu na viraka vya tyubu. Mzigo wangu ulikuwa mwepesi, nikauonea fahari.

Baiskeli ya magurudumu madogo haina haraka, mwanangu. Mteremko huwezi kuuachia, shimo dogo tu linakurusha. Mlima unaupanda ukiisukuma kwa mkono. Lori la shaba kutoka Zambia likikupita, upepo wake unakutia majanini. Barabara ya lami ilikuwa bado mpya, inang'aa, na mtu wa basi alikuwa anapita amelala. Mimi sikuweza kupita hivyo. Baiskeli kubwa hakuna aliyekuwa anaigeukia, lakini ile yangu watoto waliikimbilia, kina mama waliacha majembe shambani. Na kila niliposimama kupumzika, maswali yalikuwa yale yale: unatoka wapi, unakwenda wapi, wewe ni wa nani?

Hilo la mwisho lilinichoma. Nilikuwa najibu tu, "Natoka Mbeya," halafu nakanyaga pedali.

Nilipofika Chimala mvua ilikuwa imeshaanza kunukia. Kando ya barabara kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bondeni, anahangaika kuanua mpunga wake ulioanikwa kwenye turubai kabla haujalowa. Hakunisalimia wala nini.

"Wewe mwenye kibaiskeli! Umesimama kuangalia sinema? Shika upande ule!"

Nikashika. Tukakokota turubai lile hadi barazani, mvua ikamwagika. Baada ya hapo nisingeweza kuondoka hata ningetaka. Nikaikunja baiskeli, nikaisukumia chini ya kitanda cha wageni, na mama yule akacheka hadi akafuta machozi kwa pembe ya kanga. Akaniwekea wali na maharage. Nilipokuwa nakula akaniuliza mimi ni wa nani, na sijui ni ule wali au ni ile mvua, nikamwambia yote. Mama, baba, Chunya, Faustina, Jumapili ya Pasaka. Nikamwambia, "Mama, mimi sina watu." Akaondoa sahani. Alinionyesha pa kulala.

Asubuhi nimefunga shuka langu, natafuta namna ya kuaga, namwona anatoka nyuma ya nyumba na jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kamba.

"Huyu utampeleka kwa wakwe zako."

"Mama, asante sana. Lakini baiskeli yangu ni ndogo mno, sitamweza."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena.

"Jana umeniambia huna watu," akasema. "Nikakuonea huruma, nikajua umefiwa na wote. Kumbe wengine unawakataa mwenyewe."

Mwanangu, maneno yale yaliniingia. Nikajaribu kujitetea. "Lakini mama, wewe si..."

"Mimi si nini?"

Alikuwa ameshachukua kikapu anakifunga nyuma kwenye keria kwa kamba ya katani, anakaza kwa goti.

"Utamwambia baba wa huyo binti, jogoo huyu ametoka kwa mama yako wa Chimala. Useme hivyo hivyo. Na usimfikishe amekonda!"

Akanisindikiza mpaka lami, mimi nasukuma baiskeli, jogoo ametoa kichwa nje ya kikapu anaangalia dunia. Tangu hapo sikuwa na siri tena. Kila lori lilipopita, jogoo aliwika. Watu walikuwa wananisikia kabla hawajaniona, na walioniuliza mimi ni wa nani niliwaambia ukweli wote, na kwamba huyu jogoo katoka kwa mama yangu wa Chimala. Mara ya kwanza ulimi ulisita. Baadaye ukazoea.

Karibu na Igawa nililala kwa mzee mmoja Msukuma, aliyehamia bondeni Usangu na ng'ombe wake. Kiswahili chake na changu vilikuwa vinakutana katikati kwa taabu, tukacheka sana. Asubuhi akaniletea kibuyu cha samli. Safari hii sikufungua mdomo kukataa. Nikamwuliza, "Nikifika niseme imetoka kwa nani?" Akajigonga kifua, akasema, "Baba yako wa ng'ombe."

Kupanda kwenda Makambako nilisukuma zaidi ya nilivyoendesha. Bawaba ya katikati ikaanza kulegea kwa mzigo, fremu inayumba kama ngazi mbovu, nikaizungushia mpira wa tyubu, nikakaza mpaka vidole vikafa ganzi. Nyololo nilifika nimelowa, meno yanagongana. Baridi ya kule unaijua mwenyewe. Mzee mmoja na mkewe walinivuta jikoni, mimi, baiskeli na jogoo, tukaota moto pamoja. Nilipoeleza ninakokwenda, yule mzee akacheka.

"Kwa Mhehe? Bila ulanzi? Mwanangu, utarudishwa mlangoni."

Akanipa chupa kubwa ya ulanzi, pombe ya mianzi yake mwenyewe, imezibwa kwa gunzi la hindi. Akanionya nifungue kizibo kidogo kila ninapopumzika, maana ulanzi ukiwa njiani unaendelea kuchachuka. Nikaitikia. Sasa mtu anayekwenda kuposa anakumbuka vizibo?

Jumapili yenyewe nikafika Ipogolo, chini kabisa, mji wa Iringa umekaa juu ya kilima unanitazama. Nikashuka mtoni, nikaoga, nikavaa shati langu jeupe. Nikaanza kuupanda ule mlima nikisukuma polepole nisitoke jasho. Karibu nafika juu, jua limewaka, nikasikia paa! Gunzi likaruka, ulanzi ukanipanda kuanzia kola hadi mkanda. Jogoo naye alipata wake. Nilikaa kando ya barabara, mwanangu, na nilitaka kulia. Wiki nzima ya jasho, halafu naingia kwa wakwe nanuka kilabu.

Nikafikiri kugeuza. Kweli kabisa, nilifikiri. Kilichonizuia ni yule jogoo. Ningemrudisha vipi Chimala? Ningemwambia nini yule mama? Nikainuka.

Uani kwao wazee walikuwa wamekaa kwenye viti, wametoka kanisani. Faustina alikuwa mlangoni pa jiko. Aliponiona akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikapiga goti, nikamwamkia Kihehe. "Kamwene, baba."

Baba yake hakuinuka. Akavuta hewa kwa pua, akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi.

"Kijana, umekunywa?"

"Hapana, baba. Nimemwagikiwa."

"Umekuja kwa hicho kibaiskeli kutoka Mbeya?"

"Ndiyo, baba."

"Una miguu mizuri," akasema. "Lakini sikuomba miguu. Watu wako wako wapi?"

Basi. Fahari yangu yote ya safari ikaisha kwa sentensi moja. Na hapo jogoo akawika kwa nguvu zake zote. Watoto wakacheka. Nikamtoa kikapuni, nikamweka mbele ya mzee.

"Huyu ametoka kwa mama yangu wa Chimala. Ameniagiza niseme hivyo hivyo, na nisimfikishe amekonda." Nikafungua kibuyu. "Samli hii ni ya baba yangu wa ng'ombe, wa Igawa. Na ulanzi huu, baba, hii robo iliyobaki, na huu mwingine ulioko kwenye shati, ni wa wazee wangu wa Nyololo. Mimi nilizaliwa na watu waliokufa. Hawa ndio nilionao."

Yule mzee akamwinua jogoo, akampima uzito mkononi, akamgusa kifua. Shangazi yake Faustina, bibi mmoja mkali aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, ndiye aliyesema.

"Kaka, hebu angalia jogoo huyo. Hakuna mtu anayempa mpita njia jogoo kama huyo. Huyo ni wa kumpa mtoto wako."

Mzee akampakata jogoo mapajani. Kisha akaniuliza, "Hao watu wako, wamesema watakuja?"

"Hawajasema, baba."

"Basi rudi ukawaite. Wakija, tutaongea. Jogoo hatumchinji mpaka mwenyewe awepo."

Nikarudi, mwanangu. Kwa baiskeli ile ile, njia ile ile, na sasa nilikuwa na hofu kuliko wakati wa kwenda. Kumpa kijana kuku ni jambo moja. Kufunga safari hadi Iringa kukaa mbele ya wazee wa watu na kusema huyu ni wetu, hilo ni jingine. Wazee wa Nyololo walikubali nikiwa bado sijamaliza kueleza. Msukuma alisema ataweka mtu wa kuangalia ng'ombe. Nikabaki na mmoja, na huyo ndiye niliyekuwa namwogopa.

Nilimkuta barazani anapepeta mchele. Nikashuka, nikamwamkia, nikaanza maneno marefu niliyoyapanga njia nzima: samahani kwa usumbufu, najua una kazi zako, kama utaweza, kama si taabu...

Hakuacha hata kupepeta. Akanyoosha kidole kwenye kamba ya nguo.

"Mbona umechelewa hivyo? Kanga yangu nimeshaifua."

Nikageuka. Zilikuwa zinaning'inia, doti nzima, mpya, zinakauka juani. Nilikaa chini pale barazani nikalia kama mtoto, na yeye akanisogezea ungo nimsaidie kuchambua.

Ndiye aliyekaa upande wa mama siku ya harusi yangu. Wewe unamjua kwa jina la Bibi wa Chimala, na kaburi lake tunalipalilia kila mwaka. Ulidhani ni bibi wa kuzaliwa. Leo umejua.

Sasa hiki ndicho ninachokuambia. Usiende barabarani, wala usiende maishani, ukijivunia kwamba hukumsumbua mtu. Anayekuita barazani, simama. Akikuuliza wewe ni wa nani, mwambie, hata kama jibu lenyewe linakuuma. Akikupa kitu, usimwambie mzigo umejaa. Hicho anachokupa ni nafsi yake anakukabidhi. Beba, kumbuka kimetoka kwa nani, na uwataje mbele za watu kwa sauti. Kisha rudi kwao. Wengi tunapokea vizuri, tunasahau kurudi.

Haya, kaza kamba zako. Mungu akutangulie kwenye miteremko na akusukume kwenye milima. Kila giza likiingia, likukute kwenye mlango wenye moto jikoni. Nakubariki mimi, na anakubariki bibi yako Faustina aliyeko huko ndani anakukaangia karanga za njiani, usithubutu kuzikataa. Na ukipewa jogoo, mfunge vizuri.