Picha ya Elisante imetoka dirishani

Leo nimemtoa marehemu dirishani, jamani, na mama yake amesimama pale pale ananitazama.

Asubuhi katibu kata alikuja studio kwangu hapa Same na amri mpya: mpiga picha asitundike picha ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe.

Sikubisha. Juzi tu mwanamke aliyemkimbia mumewe aligunduliwa alikojificha kwa picha iliyotundikwa na mpiga picha jirani yangu. Alipigwa hadi akazimia.

Nikaanza kubandua.

Ndipo akafika Mama Elisante kutoka Suji. Kila akishuka gulioni hupita kumwangalia mwanawe dirishani, aliyefia kwenye mashamba ya mkonge.

"Shikamoo, mama."

Alimgeukia katibu.

"Mwanangu amekufa. Hiyo ruhusa ataitoaje?"

"Amri ni ya wote, mama," katibu akajibu, macho chini.

Nikaifunga picha kwenye gazeti, nikampa aende nayo. Akanirudishia.

"Nyumbani nitamwona mimi peke yangu. Hapa alikuwa anaonwa na watu."

Akaondoka.

Tangu hapo wateja wanachungulia dirisha tupu na kuuliza kama nimefunga biashara.

Picha iko mezani kwangu. Nyie mngemwambia nini mama huyu?