Kiti Kilichopimwa Miaka Mitatu Iliyopita

Shangazi yangu Lindalva anashona jinzi. Mji wetu mzima, huku ndani ya Pernambuco, Brazili, unashona jinzi, sebuleni mpaka jikoni, lakini yeye akikutazama tu anakutajia kipimo cha kiuno chako. Alipokuwa na mimba ya Ravi alipata vipele na homa ya siku tatu, ikapita. Bomba lilikuwa linatoa maji mara moja kwa wiki mbili, kila nyumba na mapipa yake, na mbu kila pipa. Ravi akazaliwa na kichwa kidogo. Zika, virusi vya mbu hao, ilikuwa imeshamfika kwenye ubongo. Hakai mwenyewe, shingo haishiki, degedege haimwachi, ila ukiwasha cherehani anacheka.

Sasa ana miaka minane. Shule ilikubali kumpokea, mwisho Ijumaa hii, mradi awe na kiti cha magurudumu cha kushikilia kichwa. Tulikiomba akiwa na mitano. Jumanne ofisi ya afya ikapiga simu: kimefika.

Tukaenda, tukamkalisha. Magoti yakapanda kifuani, kichwa kikapita juu ya kiegemeo na kuning'inia nyuma.

"Kijana amekua!" alisema Gilvan, karani, kama anatupongeza.

"Ulitaka akusubiri?" alimuuliza Shangazi.

"Dada, vipimo ni vya kwenye faili. Weka sahihi tupige picha, halafu utaomba kingine."

"Baada ya muda gani?"

"Aliyepokea hukaa miaka mitano kabla ya kuomba tena."

"Kikija atakuwa na ndevu!"

"Mkunje pindo, Lindalva!" alipaza sauti Edileuza kwenye foleni, binti yake mwenye hali kama ya Ravi mapajani. Akina mama wakacheka.

Nilishindwa kuvumilia. "Kwa nini hamkumpima tena?"

"Binti, fomu haina nafasi ya kupima mara ya pili."

Mimi sielewi. Hakuna mtu ofisini mle aliyewahi kuwa mtoto?

Shangazi alikuwa bado na futi yake ya kupimia shingoni tangu asubuhi. Akampima Ravi pale pale, huku mimi nikimshikilia kichwa kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine. "Andika. Paja sentimita thelathini na tatu. Mgongo arobaini na nane. Halafu andika: ongeza nne kila mahali."

Niliandika penye nafasi ya sahihi. Suruali ya mtoto huachiwa pindo. Kwetu hata mwanafunzi wa cherehani wa wiki moja analijua hilo.

"Umeharibu fomu," alisema Gilvan.

"Wewe umeharibu kiti."

Akaitupa drooni. Kiti kikabaki ofisini na Ijumaa ikapita. Shangazi anashona kwa mkono mmoja, Ravi mapajani, na kengele ya shule tunaisikia kutoka pale mlangoni.

Kila tarehe mosi nampima na kupeleka karatasi kwa Gilvan. Leo paja limefika thelathini na nne.

"Tena wewe?" aliniuliza.

"Tena yeye," nikamjibu.