Moto ulikuwa nyumba ya mwisho, zimamoto wakaja kubomoa dari yangu

Salaam wakuu. Naeleza nilichokiona kwa macho yangu, chumvi nimeiacha jikoni.

Naishi Kaloleni hapa Voi, kwenye ploti ya nyumba sita zilizopangwa mstari mmoja chini ya paa moja la mabati. Mimi niko ya kwanza, karibu na geti. Ya mwisho ni ya Atieno, mwalimu wa nasari.

Anayeijua Voi anajua joto la mabati mchana. Landlord wetu, mtu wa roho safi, aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Mwatate. Tulipomlilia joto, alileta magunia makuukuu ya katani akayatandaza juu ya dari, kutoka kwangu hadi kwa Atieno.

Wakuu, nyumba zilipoa. Hata kanisani nilimsifu.

Sasa siku hiyo, saa za mchana, Atieno alikuwa ametoka kwenda dukani. Extension iliyobeba friji na pasi ikaanza kuungua nyuma ya kochi. Moto ukapanda pazia, kisha ukashika dari.

Jirani mmoja akazima umeme kwenye mita, mwingine akapigia zimamoto. Sisi wengine tukabeba maji na mchanga.

Mama yangu alikuwa kwangu, ameshuka kutoka milimani kwa ajili ya kliniki ya miguu. Nikamwambia atoke nje.

"Moto uko mwisho kule," akasema. "Hapa kwako ni baridi, niache nipumzike."

Nikaona ana hoja. Nikarudi kubeba maji.

Gari la zimamoto likafika, wawili wakavuta mpira hadi kwa Atieno. Lakini wa tatu, dada mmoja mwenye mti mrefu wenye ndoano, hakwenda kwenye moto. Alitembea polepole akiangalia juu, pale mabati yanapokutana na ukuta. Akasimama mlangoni kwangu.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua, hata wakati si wake. Nikamuuliza mbona huku.

"Dari zenu zimeungana?"

Nikamwambia ndiyo, kule juu hakuna ukuta.

"Na kuna nini huko?"

"Magunia."

Akaingia ndani.

"Shikamoo mama. Naomba utoke, nataka kubomoa dari."

"Marahaba. Moto si uko kule, mwanangu? Nyumba haiungui, mnaibomoa ya nini?"

"Inaungua, mama. Ni vile huioni."

Mama akanitazama. Nami nilikuwa nawaza nitamwambia nini landlord. Ndipo nikaona moshi mwembamba ukichungulia chini ya mabati, upande wangu. Nikamshika mama mkono tukatoka, yeye akilalamika kwamba slipa moja imebaki.

Dada akachoma ndoano kwenye dari, akavuta. Gunia likaanguka. Halikuwa na mwali, lilikuwa jekundu tu kama mkaa. Liliangukia kiti alichokuwa amekalia mama, na lilipopata hewa likawaka pamoja na kiti.

Nikamwita mwenye mpira, akaja akauzima.

Nyumba ya Atieno iliisha yote, ya jirani yake nusu. Nne zilipona, ingawa zote hazina dari. Baadaye nilimuuliza yule dada alijuaje. Akasema moto ukiwa juu ya dari hutembea kimya, kwa hivyo wao hutafuta kwanza unakoelekea, ili wauwahi mbele.

Nilichojifunza ni kwamba baridi ile tuliyoifurahia ndiyo iliyokuwa njia ya moto, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda kuangalia. Na ukiambiwa na zimamoto utoke, toka. Maswali utauliza ukiwa nje.

Mama alirudi milimani. Siku hizi akipiga simu haniulizi kama nimekula. Anauliza, "Huko juu umeangalia?"

Nami nawauliza ninyi, wakuu. Juu ya kitanda chako, nyuma ya hiyo dari, kuna nini? Panda uone, kisha uandike hapa chini.