Amechemsha

Anyesi alifanya kazi ya kung'oa meno Kondoa mjini kwa miaka mitatu na nusu, na aliyemfungia mlango ni mimi. Wapo watakaokuambia ni Fredy, wapo watakaosema ni serikali. Wasikilize, kisha unisikilize na mimi, maana mkono ulioandika ulikuwa huu.

Naitwa Damas. Nilikuwa karani Dodoma, katika ofisi ndogo iliyokagua zahanati za watu binafsi. Sikuwa daktari wala bwana afya. Kazi yangu ilikuwa kubeba fomu, kuandika anachosema daktari, na kugonga mhuri.

Kwao Anyesi ni Kolo, kule ambako wageni huja na kamera kutazama michoro ya mapangoni, wakaondoka bila hata kumsalimia mtu. Alisomea utabibu wa meno, akaitumikia hospitali ya serikali miaka kumi na minane. Mwaka tisini na nne likapita panga la kupunguza wafanyakazi, na jina lake likabandikwa ukutani pamoja na ya wafagiaji na wapishi. Siku hizo kila mtu alikuwa na neno jipya mdomoni: soko huria, ruksa, ubinafsishaji. Zahanati binafsi zilizopigwa marufuku zamani zilikuwa zimeruhusiwa tena. Anyesi akasema sawa, kama mmenitupa nje basi nitafanyia huko huko nje.

Akapanga vyumba viwili nyuma ya soko la Kondoa. Kiti chake kilikuwa cha kinyozi, fundi wa kuchomelea akakiongezea cha kuegemeza kichwa. Koleo za kung'olea alikuwa nazo seti mbili nzuri, alizonunuliwa na masista aliowahi kuwatibu. Msaidizi wake alikuwa Joha, mjane wa nyumba ya jirani, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupepea jiko la mkaa.

Jiko hilo ndilo lililompa Anyesi jina mjini. Hakuna koleo iliyoingia kinywani mwa mtu bila kuchemka nusu saa kamili, kwa saa ya ukutani, mgonjwa mwenyewe akiona. Watu walinung'unika. "Tabibu, jino linaniua mimi, wewe unapika vyuma!" Wakamwita Mama Sufuria. Yeye aliwaonyesha saa tu na kuwaambia wakae. Akina mama walipomletea vitoto vinavyoharisha, wakitaka avichimbue ufizi kutoa kile walichokiita meno ya plastiki, aliwafukuza kwa maneno makali na kuwaandikia cheti cha hospitali. Wengine walikwenda hospitali. Wengine walikwenda kwa fundi wa sokoni, aliyekuwa na kisu na hakuwa na maswali.

Hakuwa mtu wa kupendeka haraka, lazima niseme. Alikuwa mkavu. Lakini ukitoka kwake umetoka salama.

Agosti ya mwaka tisini na nane ikaja amri ya kukagua zahanati zote za binafsi mkoani. Palikuwa na malalamiko kwamba matapeli wamejaa, na kweli walikuwa wamejaa. Kwa upande wa meno tulikwenda mimi na Dakta Tumsifu, kijana mpole wa Kilimanjaro. Tulianzia Dodoma mjini, kwenye kliniki moja mpya yenye vigae na pazia za buluu. Mwenyewe alijua tunakuja wiki nzima kabla. Pale kwenye kona ilisimama mashine ya kutakasia vifaa, inang'aa kuliko jua. Dakta alipokuwa anazungumza na mwenye kliniki, mimi niliufungua mlango wake. Ndani mlikuwa na chupa ya chai na maandazi mawili ya muuguzi. Nikamweleza Dakta nje. Akajikuna kichwa, akasema, "Mzee Damas, fomu inauliza ipo au haipo." Nikaandika: Mashine ipo.

Kondoa tulifika bila taarifa, tumejaa vumbi la kuanzia Chemba. Mlangoni tulikuta mama mmoja ameshika shavu, na Joha anapepea jiko.

"Shikamoo, kaka," Anyesi aliniamkia mimi kwanza, kwa kuwa nilimzidi umri. "Karibuni. Kaeni kwenye benchi. Bado dakika ishirini na tatu."

"Sisi ni wakaguzi, mama," Dakta Tumsifu alisema.

"Nimewajua. Hata wakaguzi hawaharakishi maji."

Dakta alikunja uso, kisha akakaa. Tukakaa sote watatu na yule mama wa shavu, tukitazama sufuria inavyotoa mvuke. Dakika zilipotimia, Anyesi alinawa, akaopoa koleo kwa kibanio, akamdunga yule mama sindano ya ganzi, akasubiri, akang'oa. Jino likatoka zima na mizizi yake. Dakta alikagua ndoo ya taka, sindano, dawa na daftari la wagonjwa. Tulipotoka aliniambia, "Huyu nimemkubali. Andika vizuri."

Sasa ndipo ujuzi wangu ulipoingilia kati. Mimi Kiswahili nilifundishwa na mwalimu aliyetuchapa kwa kukosea kiambishi kimoja. Kwenye mstari wa saba, Utakasaji wa Vifaa, mtu mwingine angeandika "anachemsha". Nikajiambia hapana, "anachemsha" ni habari ya kuambiwa, kila tapeli atakwambia anachemsha. Huyu tumemwona, kazi imeanza na imekwisha mbele ya macho yetu. Nikaandika neno moja kwa mwandiko wangu mzuri: Amechemsha. Nikaridhika nalo sana.

Septemba Dakta Tumsifu akapata nafasi ya masomo ng'ambo, akaondoka. Fomu zikabaki kwa Fredy. Huyu alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mchapakazi, na ndiye peke yake ofisini aliyejua kutumia kompyuta. Kazi yake ilikuwa kusoma fomu na kutoa orodha mbili: wanaoendelea na wanaofungwa. Mkuu wetu angesaini barua. Mimi ningezipeleka posta, na nilizipeleka, zimefungwa kwenye bahasha, bila kujua kilichomo.

Wiki mbili baadaye Anyesi aliingia ofisini na barua mkononi. Alikuwa ametoka Kondoa na basi la alfajiri, kilemba chake chekundu kwa vumbi. Hakukaa.

"Kaka Damas, nimefungiwa. Hapa wameandika nimeshindwa kwenye utakasaji wa vifaa. Ulikuwepo. Niambie nilishindwa wapi."

Nikamwita Fredy, naye akaleta fomu bila wasiwasi wowote, akaweka kidole kwenye mstari wa saba.

"Si hii hapa? Amechemsha."

"Ndiyo, amechemsha," nikasema. "Amechemsha vyombo! Ulitaka achome?"

Fredy alinitazama, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamfia njiani. "Mzee, mtu akichemsha si ndiyo ameharibu? Ameshindwa vibaya. Kila mtu anasema hivyo."

"Kila mtu wapi? Kwenu kwenye vijiwe vya Dar?"

"Hata hapa Dodoma, mzee. Wewe tu ndiye hujasikia."

Mkuu akatoka chumbani kwake kwa kelele zetu. Alikuwa mtu wa taratibu, si mbaya. Akasikiliza, akasoma fomu, akasema jambo hili ni dogo sana. Orodha inakwenda Wizarani Ijumaa. Leo ni Jumatano. Mmoja wenu aandike maelezo ya mistari miwili kwamba amekosea, asaini, mimi namhamishia huyu mama kwenye orodha ya wanaoendelea leo hii hii. Bila karatasi sina pa kushika.

"Mimi siwezi kuandika nimekosea," Fredy alisema. "Nimetafsiri kilichoandikwa."

"Mimi ndiyo kabisa," nikasema. "Hilo neno ni sahihi. Mlete mwalimu yeyote wa Kiswahili."

Tukaendelea. Naona aibu kueleza tuliyosema. Nilimpa Fredy somo zima la viambishi vya wakati, na yeye akanipa somo la lugha kukua. Nikapiga meza. Anyesi alikuwa amesimama katikati yetu na barua yake, akigeuza kichwa kwangu, akigeuza kwake.

"Mimi sina ugomvi na Kiswahili," hatimaye alisema. "Kaka, nataka kufungua mlango. Andika umekosea, hata kama hukukosea. Nakuomba."

Nilimjibu, na jibu langu nalikumbuka neno kwa neno. "Dada, siwezi kusaini uongo."

Uongo! Mimi niliyeandika Mashine ipo nikiwa nimeona maandazi.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Kulikuwa na minong'ono ya panga la pili, na mimi nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Karani mwenye karatasi ya kosa kwenye faili lake ndiye wa kwanza kumwaga unga. Hilo Fredy naye alilijua, kwa hiyo hakusaini. Lakini hofu ningeweza kujisamehe. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba zaidi ya nusu yake ilikuwa majivuno ya neno moja.

Anyesi alikaa kwenye benchi la nje mpaka tulipofunga ofisi. Alhamisi alikuwa hapo tena. Nilipita mlango wa nyuma. Ijumaa orodha ikaondoka, na mkuu akamwambia aombe upya, ukaguzi mwingine utakuja mwakani.

Ulikuja Julai. Kliniki ya pazia za buluu tuliipitisha tena. Kondoa nilikuta kwenye vile vyumba viwili panauzwa mitumba. Joha alikuwa nje, ananijua, lakini hakunikaribisha. Aliniambia tabibu ameuza koleo na kiti, amerudi kwao. Nikauliza watu wanang'olea wapi meno siku hizi. "Kwa fundi wa sokoni," alisema. "Ana koleo ya baiskeli. Mwezi wa nne alimng'oa shemeji yangu. Taya likavimba mpaka shingoni, tukamkimbiza Dodoma, akakata roho hapo Chemba. Andika na hilo kwenye fomu yako."

Nilimwacha Kondoa daktari mpya niliyekuja naye, nikapanda gari la Kolo. Nilimkuta Anyesi uani kwao anapepeta uwele. Aliniamkia kama kawaida, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

Akaendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Basi andika. Yale niliyokuomba."

Nikatoa fomu moja tupu, nikaigeuza nyuma, nikaandika juu ya goti: Mimi Damas, karani, nilikosea kujaza mstari wa saba wa fomu ya Tabibu Anyesi. Vifaa vyake vilikuwa safi. Nikasaini, nikaweka tarehe. Nikampa.

Aliisoma taratibu mpaka mwisho.

"Ni hii tu, kaka?"

"Ni hii tu."

"Haijafika hata dakika mbili," alisema.

Akanirudishia karatasi, akachukua ungo wake.