Ploti ya Kupima Magoti

Mama alikuwa amebakisha miezi mitatu astaafu kiwandani Thika, na magoti yake hayakupatana na baridi ya mtaa wetu wa Landless. Asubuhi za ukungu alishuka kitandani kama mtu anayeshuka kwenye lori. Kwetu Magharibi nako, mvua ilimuuma zaidi. Akiba yake ilitosha ploti moja tu. Akikosea, atazeekea ndani ya kosa. Akaniachia mimi nichague.

Nakiri, mimi hata sufuria sinunui kabla ya kulinganisha maduka sita. Nilijifundisha utafiti kwenye simu, nikanunua kipimajoto na daftari. Wauza ploti huwabeba wateja bure kila Jumamosi wakaone mashamba na kunywa soda. Sisi tulienda na kiti chetu cha jikoni, kile kile kila wiki, kiti kigeni kisije kikaharibu matokeo. Mama alikaa katikati ya ploti tupu kwa saa mbili, na kila nusu saa nilimuuliza maumivu ni ngapi kwa kumi. Kwenye ploti ya Juja alisema tatu. Nusura nilie kwa furaha.

Kwenye ploti ya Mugutha tulikuta upepo mkali. Dalali alitazama kiti.

"Haiya! Mama, huku tunapima na futi, si na magoti."

"Futi pima wewe," Mama akamjibu. "Magoti ni yangu."

Nikaenda kupima joto kwenye kona ya mbali. Niliporudi, mwanamke wa nyumba ya jirani alikuwa ameleta stuli mpaka kwenye ua wa waya. Alikuwa amesikia lafudhi ya Mama, akamwamkia "Mulembe!" kwa lugha ya kwetu, na sasa walikuwa wakibishana namna ya kupika mrenda.

"Mama, ngapi kwa kumi?"

"Ngapi nini?"

"Magoti."

"Ngoja kwanza, huyu ananiharibia mboga."

Nusu saa iliyofuata, vivyo hivyo. Ya tatu, alinifukuza kwa mkono kama kuku. Safu nzima ya Mugutha daftarini ikabaki tupu.

Wakati wa kuondoka Mama alisimama akiguna, ameshika magoti yote mawili. Uso ulionyesha nane, si chini.

"Hii ndiyo naitaka," akasema.

"Lakini Mama, Juja ilikuwa tatu!"

"Hiyo tatu kaishi nayo wewe." Akamgeukia dalali. "Huyu jirani amepanga nyumba, atahama kesho, ama ni kwake?"

Dalali hakujua. Mama alikataa kupanda gari mpaka nirudi kwenye ua wa waya nikamuulize.